Dar es Salaam hadi Mwanza kwa Ndege: Umbali, Muda wa Safari na Usomaji wa Tiketi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Umbali wa anga kati ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, na Kiwanja cha Ndege cha Mwanza ni takriban kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, msafiri hupita zaidi ya kilomita 1,100.

Kwa ndege ya jeti kama Airbus A220, safari ya moja kwa moja hupangiwa takriban saa moja na nusu. Ndege ya pangaboi aina ya Q400 huchukua muda zaidi, kwa kuwa mwendo wake ni mdogo.

Anayegawanya kilomita hizo kwa mwendo wa jeti, yaani kilomita 800 kwa saa, atapata saa moja na dakika chache tu. Dakika zinazosalia hazijapotea. Ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho, na ndani yake mna muda wa kuelekea njia ya kurukia, kupaa, kusubiri zamu ya kutua na kuegesha. Ndiyo sababu safari ya Dar es Salaam hadi Zanzibar, yenye kilomita 73 pekee, huchukua kama dakika 20 badala ya sita.

Zipo pia safari zinazopitia Kilimanjaro. Njia hiyo ina takriban kilomita 920, hivyo nyongeza ni kilomita 70 tu, lakini kutua, kushusha na kupakia abiria kunaweza kuongeza saa nzima au zaidi. Mwenye miadi ya daktari katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, au anayewahi mazishi, atazame jambo hilo kabla ya kutazama nauli.

Kosa linaloumiza zaidi, hata hivyo, halihusu umbali. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, unaoanza kuhesabu usiku wa manane. Hivyo 06:30 ni saa 12:30 asubuhi, wala si saa 6:30 mchana. Na 18:30 ni saa 12:30 jioni. Aliyekosea hapo hufika kiwanjani ndege ikiwa imekwenda Mwanza na pengine imekwisha kurudi.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa safari za usiku. Tiketi inayosema 00:40 ya Jumatano inamaanisha saa 6:40 ya usiku wa kuamkia Jumatano. Abiria huyo anapaswa kuwa kiwanjani Jumanne usiku. Saa iliyoandikwa ni ya ndege kuondoka, na kaunta hufungwa mapema kuliko hapo, kwa muda unaotajwa katika masharti ya tiketi.