Nyasi za Kondoa na Simanjiro

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Babati hupita katika nchi ya Warangi, wilaya ya Kondoa. Katika nyanda za juu za nchi hiyo ndipo uanzapo mto Tarangire, ukishuka kwenda kaskazini. Wakati wa kiangazi nyumbu na punda milia hukusanyika kando ya mto huo kwa ajili ya maji. Mvua zinyeshapo hutawanyika, na wengi huenda kuzaa katika mbuga za Simanjiro, nchi ya Wamasai, kwa maana nyasi za huko zina madini yawafaayo wanyama wanyonyeshao. Basi mto mmoja wazifunga pamoja nchi hizi mbili. Lakini nyasi zake zililindwa kwa njia zisizofanana, na tofauti hiyo ina mafundisho kwetu.

Ardhi ya Kondoa ilianza kuharibika zamani. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi, na mvua zikachimba makorongo mekundu. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwaamuru watu kuchimba matuta ya kuzuia maji. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalitengenezwa, miti ikapandwa, wala makorongo hayakukoma. Ndipo mwaka 1979 ilipotolewa amri kwamba mifugo yote, zaidi ya 80,000, iondoke katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Nchi ikapumzika, na nyasi zikarudi. Lakini tusisahau gharama yake: wenye ng'ombe waliwapeleka mbali, maziwa yakaadimika, na mashamba yakakosa samadi. Hata mwaka 1989 ndipo watu walipoanza kufundishwa kufuga ng'ombe wachache zizini na kuwakatia majani.

Huko Simanjiro adui wa nyasi hakuwa ng'ombe, bali jembe. Mashamba yaliingia mbugani, na uwindaji nao ukazidi, hata hesabu ya nyumbu wa Tarangire ikashuka kutoka zaidi ya 40,000 mwaka 1988 mpaka kama 5,000 mwaka 2001. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kilipatana na kampuni kadhaa za watalii. Kampuni ziliahidi kukilipa kijiji fedha kila mwaka. Kijiji nacho kikaahidi kutolima wala kujenga katika sehemu ya mbuga zake. Ng'ombe hawakufukuzwa, maana malisho ya ng'ombe ndiyo hayo hayo malisho ya nyumbu. Watu wa kijiji wenyewe wakawekwa kuwa walinzi.

Hatusemi kwamba amri ya Kondoa haikuzaa kitu. Makorongo yaliyoota majani ni shahidi wake. Wala hatusemi kwamba fedha za Terrat zalingana na mavuno ya shamba kubwa. Lakini twaona kwamba Kondoa mzigo wote uliwekwa juu ya mwenye ng'ombe, na Terrat mzigo uligawanywa. Wahenga walisema, aliye kando haangukiwi na mti. Basi yeye apendaye nyumbu waishi, naye hukaa mbali na mbuga, hana budi kusogea karibu na kushika upande mmoja wa mzigo. Mlinzi wa nyasi ni mtu mwenye watoto wa kulishwa. Tukimsahau huyo, nyasi nazo hazitadumu.