Kujaza Gesi

"Friji imeisha gesi, mwite fundi aje aijaze." Kauli hii imezoeleka mitaani, na ndani yake mna neno moja linalotupotosha: kujaza. Kinachojazwa huwa ni kitu kinachotumika kikaisha, kama petroli kwenye tangi. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: hufyonza joto la chakula inapogeuka mvuke, kompresa huikandamiza, kisha hulitema joto hilo kwenye mabomba ya nyuma na kurudi kuwa kimiminika. Ikipungua, imevuja. Kazi ya fundi, basi, ni kutafuta tundu na kuliziba. Kujaza ni hatua ya mwisho tu.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Gesi ya R-134a, iliyoenea kwenye friji na viyoyozi vya magari, haitoboi tabaka la ozoni. Ndiyo maana ilishika nafasi ya zile zilizodhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya 1987. Lakini kilo yake moja ikitoka hewani hunasa joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo ya hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yakitekelezwa, yanakadiriwa kuepusha ongezeko la joto la hadi nyuzi 0.5 kufikia mwisho wa karne hii.

Saini zilishatiwa, utekelezaji uko mikononi mwa wahandisi mitambo na mafundi wao. Neno mhandisi tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Linawastahili. Friji mpya nyingi za nyumbani hutumia isobutani, ambayo haiharibu ozoni na hunasa joto kidogo mno, ila hushika moto. Kwa hiyo mhandisi hupima gesi kwa gramu na kupanga swichi mahali ambapo cheche haitaifikia.

Kijana akisikia "mitambo" huwaza injini na grisi; akisikia "tabianchi" huwaza miche ya miti. Miti tuipande, lakini tabianchi ni suala la joto, na joto ndilo somo la mhandisi mitambo chuoni. Walimu wa ufundi wawafundishe wanafunzi kusema "kuziba uvujaji" kabla ya "kujaza", na "kukusanya gesi mtungini" badala ya "kuifungulia". Nasi wateja, kabla ya kumlipa fundi aliyejaza gesi, tumuulize: ilikuwa inavujia wapi?