Baridi Iliyoilisha Lushoto

Mwaka huu nyanya zangu zimeiva mwezi wa Julai, uwanjani, bila paa wala nailoni. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hiyo si habari. Kwetu Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ni jambo la kuitana uani kuja kutazama. Kipupwe cha huku hakiachi nyanya salama: ukungu unashuka jioni, majani yanalala na maji usiku kucha, na baada ya siku chache bakajani limeshamaliza tuta zima. Ndiyo maana mama yangu hakuweka mche wa nyanya kati ya Mei na Septemba. Alipanda kabichi, karoti, liki na njegere, na nyanya za mchuzi tukazinunua kwa watu waliopanda nazo kutoka Mombo. Safari hii baridi imepungua na mambo yamepinduka. Nyanya nimekula, makabichi ndiyo yaliyonigomea.

Nilikata moja nikaliweka kwenye ubao wa jikoni. Kwa nje lilikuwa kubwa, la kumwonyesha mgeni. Kisu kilipita bila kukwama. Ndani majani yalikuwa yameachana na moyo haukufunga. Majani ya nje yalikuwa na vidirisha, maana yule kiwavi mdogo wa kijani hula nyama ya jani kwa upande wa chini na kuiacha ngozi ya juu, hata ukiliinua juani unaona mwanga ukipenya. Nondo anayemzaa hafiki urefu wa sentimita moja. Penye joto kizazi chake kinatimia kwa wiki mbili au tatu, penye baridi kinachukua mwezi na zaidi. Baridi ndiyo iliyokuwa dawa yetu ya kwanza ya wadudu, tena ya bure. Jirani yangu alilipima kabichi lile mkononi akasema, "Mwalimu, hili umelijaza upepo."

Nimefundisha shule za msingi za milima hii ya Usambara mpaka nikastaafu, na watoto wengi niliowafundisha waliamini kwamba Wasambaa wamekuwa na kabichi tangu enzi za Mbegha, mwasisi wa ufalme wao. Si kweli, kabichi halikufika zamani sana. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vugha, makao ya wafalme wetu, mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai, chakula cha nchi hii kilikuwa ndizi, pamoja na maharage, viazi vikuu na mahindi. Mboga ilikuwa jani lililochumwa karibu na nyumba: mnavu, mchunga, majani ya maboga. Watu walipenda kujenga karibu na kingo za milima, mahali ambapo migomba inastawi na ambapo mtu anaweza kushuka nyika kulima na kurudi kulala juu. Nyanda za ndani zenye baridi kali, kama Kwai na Shume, zilikuwa zaidi malisho ya Wambugu na ng'ombe wao. Mgomba hauipendi baridi ile, na mtu wa migomba hakuwa na la kufuata kule.

Wafalme hao wa ukoo wa Kilindi walidaiwa mvua. Ikikosekana, lawama zilikwenda Vugha, na mfalme aliyeshindwa kuileta alikuwa mashakani. Lakini sijapata kusikia kwa mzee yeyote kwamba mfalme alidaiwa baridi. Haikuwa mali ya mtu, ilikuwa kero ya kuota moto.

Aliyeitazama baridi kwa jicho la faida ni Mjerumani. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo Mlalo mwaka 1891 wakakiita Hohenfriedeberg. Upande wa mashariki, walowezi walikimbilia kahawa, wakafyeka msitu mnene wakidhani udongo ulioubeba msitu ule lazima uwe na rutuba. Kahawa ikawaangusha. Huku magharibi serikali ilifungua shamba la majaribio pale Kwai mwaka 1896, wakajaribu mazao na mifugo ya kwao Ulaya, viazi na mboga vikiwamo. Mji wa Lushoto wakauita Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, na maofisa waliochoshwa na joto na malaria ya pwani walipanda kuja kupumua. Mtu aliyekuja kupumua hewa ya kwao alitaka pia kula chakula cha kwao. Hapo ndipo bustani zilipoanza kuwa na thamani.

Bado mzigo ulitakiwa kushuka. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilikwenda kwa kusuasua, ikafika Mombo mwaka 1905. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za kupanda ukuta.

Hesabu ya kupanda ukuta huo ndiyo siri ya biashara nzima. Kila ukipanda mita 100 hewa inapoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzijoto. Mombo iko chini, mita mia nne na kitu, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Tofauti yake ni kama nyuzijoto 6, na kwa kabichi nyuzijoto 6 ndizo zinazoamua kama litafunga au litabaki majani matupu. Sasa igeuze hesabu hiyo. Hewa ikipata joto la nyuzi 2 zaidi, ni sawa na kuishika bustani yangu na kuiteremsha zaidi ya mita 300. Magamba inakuwa Lushoto mjini, na Lushoto mjini inakuwa Soni. Wa Soni sijui tumpeleke wapi.

Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916, wakarudisha jina la Lushoto, na bustani wakaziendeleza. Babu mzaa mama alikuwa mtumishi wa bustani ya mlowezi. Alijifunza kutengeneza kitalu, kuchanganya samadi iliyooza na udongo wa msituni, kufunika mbegu kwa majani makavu na kuyaondoa jioni mche unapochomoza. Alivyovijua vikavuka boma vikaja nyumbani. Lakini angalia nani alinufaika. Jani la kupikia lilikuwa kazi ya mwanamke. Kabichi lilipoanza kuuzwa likawa zao la mwanamume, likateremshwa mabondeni kwenye mfereji, na fedha yake ikaingia mfuko wa koti. Bibi alibaki na mnavu wake mlangoni. Bustani ninayoilima leo nyuma ya jiko ni ile ya Bibi, si ile ya Babu, na nasema hivyo kwa makusudi.

Baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni iliamua kwamba tatizo la Usambara ni udongo. Mwaka 1946 wakaanza mpango wa bonde la Mlalo, kisha wakaueneza milimani kote. Kila kaya ilitakiwa kuchimba matuta kwenye miteremko, asiyechimba akapelekwa barazani. Waliochimba hasa ni wanawake, na mama yangu, akiwa bado mwari, alikuwa mmoja wao. Alisema jambo ambalo maofisa hawakulitaka: matuta yalikula nguvu za msimu mzima na mahindi hayakuongezeka. Watu waligoma, siasa za TANU zikachanganyika humo humo, na kufika 1957 mpango ukafa. Mabonde ya mboga hayakuwa na ugomvi huo. Yaliendelea kimyakimya, maana yalikuwa na soko.

Baada ya Uhuru soko likawa kubwa zaidi. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, jengo lile alilolichora Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na kwa mtu wa Lukozi au Malindi, vijiji vya huku juu, likawa jina la kutajwa kila siku kuliko Tanga. Matenga ya nyanya na plamu, magunia ya karoti na viazi yaliyoshonewa kichwa juu yake, ile lumbesa inayompa dalali faida na mkulima maumivu ya mgongo, yote yalishuka kona za Soni usiku ili kupambazuke yakiwa mjini. Mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ukatufundisha kupanda majani ya gwatemala na migrivelea kwenye makinga maji. Huo nausifu. Majani yale yanalisha ng'ombe na udongo unabaki.

Lakini tazama orodha hiyo yote. Mfalme alishughulikia mvua. Mwingereza na SECAP walishughulikia udongo. Reli, barabara na Kariakoo zikashughulikia mzigo. Baridi, ambayo ndiyo iliyotufanya tuwe na cha kuuza, hakuna aliyeishughulikia. Tuliihesabu kama mlima wenyewe, kitu ambacho hakiendi popote.

Hata mbegu zinatuambia tulivyokaa. Kabichi na karoti haviendi kwenye maua mpaka vipite wiki kadhaa za baridi kali kuliko hii yetu, kwa hiyo tangu Mjerumani mbegu hutoka nje, kwanza kwa meli, sasa kwa kopo la duka la pembejeo. Baridi yetu ilikuwa ya kukaa katikati: ilitosha kufunga kabichi, haikutosha kutoa mbegu. Mahali pa katikati hapahitaji kusukumwa mbali ili pakose. Bibi alilijua hilo kwa mikono yake. Sukuma wiki hakuinunua mbegu. Alikata chipukizi la ubavuni, akalichomeka kwenye udongo wenye majivu, likashika.

Na hizo nyanya zangu za Julai zisimdanganye mtu. Joto lililozuia bakajani ndilo linalomkaribisha kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuwafilisi wakulima msimu mmoja. Nimeshaona njia zake nyeupe ndani ya majani mawili matatu. Nimeyachuma nikayachoma.

Kijana mmoja wa kilimo aliniuliza kipupwe cha zamani kilikuwa na baridi kiasi gani. Nikamwambia: tulivaa masweta mawili, maji ya mtungini yaliuma meno. Akaandika, lakini hilo si jibu. Amani wamepima hali ya hewa tangu enzi za Mjerumani, ila Amani iko mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, tena chini kuliko kwetu, haiwezi kutusemea. Milimani huku zipo misheni kongwe, zipo shule, zipo mashamba ya chai na ofisi za misitu. Mwenye daftari la zamani lenye nyuzijoto za Lushoto, Mlalo, Shume au Bumbuli, hata kama limeliwa na mende, asilitupe. Alipeleke mahali litakaponakiliwa. Na wewe mwenye bustani, nunua kipimajoto, kitundike kivulini nyuma ya jiko, uandike kila asubuhi kabla ya jua kutoka: tarehe, nyuzijoto, na siku kabichi la kwanza lilipofunga.