Visu vya Kukunja vya Savoie

Miongoni mwa visu vya kukunja, yaani visu ambavyo bapa lake huingia ndani ya mpini ili vibebwe mfukoni kwa usalama, vichache humfaa mkusanyaji anayeanza kama vile vya Opinel, kwa kuwa historia yake husomeka katika umbo la kisu chenyewe. Joseph Opinel, kijana wa ukoo wa wahunzi katika milima ya Savoie, Ufaransa, alikibuni mwaka 1890, na mwaka 1897 kikatolewa kwa saizi 12 zenye namba, ambapo namba 1 na 11 ziliachwa baadaye. Katika chapa ya mkono uliovikwa taji, iliyosajiliwa mwaka 1909, mkono umetokana na nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne.

Alama yenye thamani kubwa zaidi, hata hivyo, iko shingoni mwa mpini. Awali bapa lilishikiliwa kwa msuguano tu, hadi mwaka 1955 Marcel Opinel alipobuni pete ya chuma inayozungushwa ili kuziba mwanya wa mpini, hivyo kulizuia bapa lisijifunge ghafla juu ya vidole. Kisu kikuukuu cha namba 8 kisicho na pete hiyo kinaweza basi kuwa cha kabla ya hapo, ingawa kipimo hiki hakifai kwa namba 2 hadi 5, ambazo hata leo hazina kifungio. Feleji yenye kaboni ya bapa la zamani hupata kutu upesi, lakini weusi wake wa miaka mingi haufai kusuguliwa kwa msasa, kwani chapa hufifia na ushahidi wa umri hupotea nayo.