Pilau ya Walima na Mpunga wa Ifakara: Kalenda Mbili, Sinia Moja



Bibi harusi hukagua nguo, hina na udi, lakini ni wachache wanaouliza mchele wa walima umelimwa na nani. Leo tuvuke maji hadi Ifakara, kwenye bonde la Mto Kilombero mkoani Morogoro. Historia ya mpunga wa huko inatufunza namna ya kununua kwa haki.

Pwani yetu imekula wali kwa karne nyingi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali wa samli. Kule Kilombero, Wandamba na majirani zao wamelima mpunga tangu zamani wakiufuata mto. Mafuriko hurutubisha ardhi, na msimu wa kilimo familia huhamia mashambani, zikaishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti.

Mpunga ulikuwepo, kilichokosekana ni njia ya kuutoa. Masika barabara hazipitiki, na mfanyabiashara aliyeweza kufika ndiye aliyepanga bei. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 hadi 1975, ilipita Ifakara na Mlimba. Mama mwenye magunia mawili sasa aliweza kuyapandisha treni, na wapishi wa Dar es Salaam wakazidi kuujua mchele wa Kilombero. Ng'ambo ya mto, watu wa Ulanga na Malinyi waliendelea kutegemea kivuko. Januari 2016 kivuko kilizama. Daraja la mita 384 lilifunguliwa mwaka 2018.

Njia zimefunguka, lakini misimu haibadiliki. Mpunga wa mvua hupandwa kati ya Desemba na Februari, ukavunwa kati ya Mei na Julai. Harusi zetu hufuata mwezi mwandamo, unaorudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2024 Idd el Fitr ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mfungo Mosi ukaingia na harusi zake wakati Ifakara imejaa mafuriko na mpunga mpya haujavunwa. Kwa hiyo pilau ya miezi hiyo hutegemea mavuno ya mwaka uliopita. Mwenye mgahawa au mpishi wa harusi anayejua kazi yake hununua baada ya mavuno, bei ikiwa chini, akahifadhi. Tena mchele uliokaa huchambuka vizuri kwenye pilau kuliko mchele mpya.

Lakini bei ndogo ya mnunuzi ni kipato cha mkulima. Miezi ya kupalilia, ghala likiwa tupu na ada za shule zikidaiwa, wapo wanaouza mpunga ungali mchanga shambani kwa fedha kidogo. Wakati wa mavuno huja lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuongezwa kilemba juu. Sheria ya vipimo inaikataza, na Suratul Mutaffifin ilikwishawaonya wanaopunja vipimo.

Kulipa kabla ya mavuno si kosa. Mtume (SAW) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mapema, mwaka hata miwili kabla. Hakuwazuia, bali aliwaagiza kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hii ndiyo bei ya salam. Fedha hulipwa yote siku ya mapatano. Wanazuoni wengi hawaruhusu kuifunga kwenye shamba moja maalumu, kwa sababu shamba hilo linaweza kuharibika. Bidhaa ikikosekana, mnunuzi husubiri au hurudishiwa fedha yake ileile, bila nyongeza. Mtu wa bondeni anayajua mafuriko, ataona hekima iliyomo.

Sisi mafundi wa nguo za harusi hatukati kitambaa kabla ya kupima. Basi dada, ukikaa na mpishi wako, muulize: mchele umenunuliwa msimu gani? Kwa kilo au kwa gunia la kukisia? Mkulima alilipwa lini? Kama mna muda, familia mbili tatu au mgahawa mzima wanaweza kuwalipa wakulima mapema, kwa kilo zilizoandikwa na bei isiyowakandamiza. Walima ni shukrani, na haipendezi wageni wakashiba kwa jasho la mtu aliyepunjwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu ndoa za kheri na riziki ya halali. Amin.