Mamba wa Kale wa Ruhuhu, na Mifupa ya Ndhiwa

Mtu wa Ndhiwa akichimba msingi wa nyumba, si ajabu akakutana na mfupa uliogeuka jiwe. Upande ule wa ziwa, kuanzia Karungu kule Migori mpaka Kanjera na Rusinga katika Homa Bay, ni nchi ya visukuku. Lakini visukuku hivyo, kwa hesabu ya wanajiolojia, ni vya juzi. Vya Karungu na Rusinga vina miaka kama milioni 18, vya Kanjera milioni 2 tu. Wale watambaazi wakubwa wala nyama wa enzi ya Triasiki, iliyoanza miaka milioni 252 iliyopita ikaisha milioni 201, walikwisha kutoweka zamani sana. Kuwatafuta Ndhiwa ni kuchosha jembe bure.

Karungu ina kisa chake hata hivyo. Mifupa ilipoonekana huko mwaka 1909, afisa wa kikoloni aliyeitwa Pigott alikwenda kuikusanya, na baadaye akauawa na mamba. Jumba la makumbusho la London likamtuma Felix Oswald mwaka 1911 aendeleze kazi.

Mamba huyo ana jamaa wa mbali, na kaburi la jamaa huyo liko kusini mwa Tanzania, katika bonde la mto Ruhuhu unaomwaga maji Ziwa Nyasa. Miamba ya huko, iitwayo Manda, ni ya katikati ya Triasiki. Mwaka 1963 msafara wa Waingereza ulichimba huko ukapata sehemu ya fuvu, taya, pingili chache za uti wa mgongo na mkono wa kushoto. Fuvu peke yake lilizidi sentimita 75, na meno yalikuwa makubwa, yenye kingo za msumeno. Mwili mzima unakadiriwa kufika mita 5. Mnyama huyu aliwinda nchi kavu miaka mingi kabla ya dinosau wakubwa wa Tendaguru.

Mifupa ikapelekwa London. Mtaalamu Alan Charig alimpa jina lakini hakuwahi kulichapisha rasmi, akafariki mwaka 1997. Ni mwaka 2022 tu ndipo mnyama alipotambulishwa kwa ulimwengu, kwa jina Mambawakale ruhuhu. Mswahili halihitaji kufafanuliwa jina hilo: mamba wa kale.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2010 mnyama mwingine wa miamba hiyo hiyo, mdogo, jamaa wa karibu wa dinosau, aliitwa Asilisaurus kongwe. Na Teleocrater, mla nyama wa mita 2 hadi 3, mifupa yake ilichukuliwa mwaka 1933 na kutangazwa rasmi mwaka 2017. Miaka 84 kabatini!

Waliomwita Mambawakale walisema jina la Kiswahili ni la kuwaheshimu Watanzania na Wazambia waliofanya kazi kubwa katika msafara ule: kutafuta mifupa, kufungua njia, kubeba mizigo. Majina yao hayakuandikwa. Namba ya fuvu ipo, jina la kiongozi wa msafara lipo, la mzee aliyeonyesha mfupa ulipo halipo. Mimi naiona heshima hiyo kuwa nzuri, ila imekuja imechelewa, na kwa wingi wa watu badala ya mtu mmoja mmoja.

Sisi wa pwani tusidhani jambo hili ni la Ruhuhu tu. Miamba ya Triasiki tunayo nyuma ya Mombasa. Tabaka za Maji ya Chumvi zimetoa samaki wa enzi hiyo, na katika mawe ya Mazeras kuna miti iliyogeuka jiwe. Mawe hayo hayo ndiyo tunayopasua na kutandaza kwenye nyua na kuta za nyumba zetu. Mvunja mawe ndiye anayeiona ndani ya mwamba kabla ya profesa yeyote.

Kwa sheria ya mwaka 2006, anayegundua kisukuku Kenya anatakiwa kuwajulisha Makumbusho ya Taifa. Kwa mtu wa Ndhiwa kuna tawi la Kisumu, kwa mtu wa Mazeras kuna la Fort Jesus. Asiung'oe mfupa wala kuuosha. Aupige picha ulipolala, aonyeshe mahali penyewe, na adai karatasi iliyoandikwa jina lake kuwa yeye ndiye aliyeuona kwanza.