Taa za Malori na Safari za Usiku katika Nchi ya Tabora

Kusafirisha mzigo usiku ni jambo la karne ya 20 katika njia ya kale iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilifuata saa za jua. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliwaondoa watu kambini alfajiri, na joto lilipokuwa linazidi mizigo ilikwisha kutuliwa kwenye kambi ya mbele. Palipokosekana maji ndipo msafara ulipokwenda tirikeza: watu waliondoka alasiri, wakatembea hadi giza kuingia, wakalala njiani, kisha wakamalizia mwendo kesho yake asubuhi. Hali hiyo ilijulikana sana Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora. Kwa mwendo huo wa misafara, wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, kitovu cha biashara cha Unyanyembe, tarehe 7 Novemba. Mbung'o waliua ng'ombe wa kukokota mikokoteni, hivyo bidhaa karibu zote zilibebwa na watu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Treni ilichukua safari ndefu, mchana na usiku, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Malori yalipokuja yalipewa kazi ya kulisha stesheni: kukusanya nta, asali, karanga, mpunga na mbao kutoka vijijini kwa njia za mchanga na udongo mwekundu, ambazo nyingi zilipitika vizuri wakati wa kiangazi tu. Njia hizo hazikuwa na alama wala kingo, kwa hiyo dereva aliyechelewa akaingiwa na giza hakuwa na kitu cha kumwongoza isipokuwa taa za lori lake.

Taa za kwanza za magari zilitumia gesi. Maji yalidondokea kabaidi ndani ya kopo, gesi ya asetilini ikatoka na kuwaka mbele ya sahani iliyong'arishwa. Baadaye ukaja umeme, lakini umeme dhaifu. Ford Model T, gari lililoenea sana Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, liliwasha taa zake kwa umeme uliozalishwa na sumaku za injini yenyewe. Injini ikienda kasi taa ziling'aa, ikipungua kasi zikafifia. Penye mchanga mzito au korongo, mahali dereva alipolazimika kwenda taratibu na kutazama kwa makini, ndipo mwanga ulipokuwa hafifu kuliko kwingine kote. Katikati ya miaka ya 1920 ilitengenezwa balbu yenye nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa mbali, ambao madereva huuita fuli, na mwingine wa mwanga wa karibu, yaani dimu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili malori yaliongezeka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Urambo, magharibi mwa Tabora, ilikuwa moja ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango uliachwa mwaka 1951, lakini ardhi iliyofyekwa Urambo ikageuka ya tumbaku, zao ambalo mpaka leo husafirishwa kwa malori kutoka vyama vya msingi vya ushirika. Malori ya Kiingereza ya enzi hizo, kama Bedford, yalichaji betri kwa dainamo. Dainamo haizalishi umeme wa kutosha injini inapozunguka polepole. Tatizo hilo lilipungua katika miaka ya 1960 na 1970, alteneta ilipochukua nafasi yake, nayo malori makubwa yakaendelea kutumia mfumo wa volti 24.

Taa yenyewe nayo ilibadilika. Mwaka 1940 magari ya Marekani yalianza kutumia taa zilizofungwa kabisa, ambazo kioo cha mbele, kiakisi na waya unaowaka ni kitu kimoja. Vumbi na maji havikuweza kuingia ndani, na hiyo ilikuwa faida kubwa katika njia za vumbi. Taa ikiungua, hata hivyo, ilibidi kutupwa nzima. Ulaya ilifuata njia nyingine: mwaka 1957 ilikubali dimu isiyo sawa pande mbili, inayorefusha mwanga upande wa pembeni mwa barabara bila kumpiga machoni anayekuja. Balbu za halojeni zilifuata mwaka 1962, na mwaka 1971 ikatoka H4, halojeni ya kwanza yenye fuli na dimu ndani ya balbu moja. Katika volti 24, balbu ya kawaida ya wati 55 na 50 ilibadilishwa kwa H4 ya wati 75 na 70, inayotoa mwanga takriban mara mbili. Taa za duara za inchi 7 zilikuwa za kipimo kimoja katika magari mengi, kwa hiyo lori la zamani liliweza kupokea kioo na kiakisi cha H4 bila kukatwa bodi.

Hata hivyo, balbu mpya mara nyingi haikuleta mwanga uliotarajiwa. Katika malori ya zamani umeme wa taa ulitoka kwenye betri ukapita kwenye swichi ya dashibodi, kisha kwenye swichi ya kukanyaga kwa mguu iliyobadilisha fuli na dimu, ndipo ukafika mbele kwa waya mwembamba. Miaka ilipopita viungo vilishika kutu, na njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chasisi ikadhoofika. Balbu inayopoteza asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kuweka balbu ya wati nyingi zaidi huzidisha tatizo, kwa kuwa umeme mwingi zaidi hupita kwenye waya uleule: waya hupata joto, swichi huungua na soketi huyeyuka.

Dawa ya kudumu ni relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo. Swichi ya zamani hubaki na kazi ndogo ya kuamuru, na umeme wa taa huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi, relei moja ya fuli na nyingine ya dimu. Mwisho wa waya wa kurudi husuguliwa na kufungwa kwenye chuma kisicho na rangi. Volti nazo zisizidi, kwa sababu zikipanda asilimia 5 tu juu ya kiwango, maisha ya balbu hupungua karibu nusu. Kiakisi kilichofifia hubadilishwa, kwani hakuna balbu inayoweza kufidia sahani isiyorudisha mwanga.

Kupanga mwelekeo wa taa ni kazi ya mwisho, na mzigo huibadilisha: lori likijazwa nyuma, pua huinuka na dimu humpiga machoni anayekuja. Taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia huleta kasoro hiyohiyo Tanzania, kwa sababu sehemu yake ndefu ya mwanga huelekea kulia, mahali penye magari yanayokuja.

Katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020 lami iliunganisha Tabora na Nzega, na pia na Manyoni, kupitia nchi ileile iliyoitwa Mgunda Mkali. Mwendo uliongezeka. Kwa kilometa 80 kwa saa, lori hupita mita 22 kila sekunde, na likiwa na mzigo linahitaji mita 80 au zaidi kusimama, urefu unaoweza kuzidi ule unaomulikwa vizuri na dimu. Ndani ya umbali huo huweza kuwapo ng'ombe, baiskeli ya mkaa isiyo na taa, au lori lililoharibika lenye matawi tu nyuma yake kama ishara. Mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo lililodumu miaka mingi, na msongamano wa usiku ukaongezeka.

Leo maduka ya vipuri yanauza balbu za LED zinazoingia kwenye taa za H4. Hutumia umeme kidogo, na hivyo hupunguza mzigo kwenye waya wa zamani. Lakini kiakisi cha H4 kilichorwa kufuata mahali ulipo waya unaowaka wa halojeni. Chanzo cha mwanga kikiwa na umbo au nafasi tofauti, miale hutawanyika: barabara ya karibu hung'aa, ya mbali hubaki gizani, na dereva wa upande wa pili hupofuka. Kwa lori la zamani, H4 iliyopangwa vizuri na kulishwa kwa relei bado ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kupata mwanga wa mbali bila kumdhuru mwingine.